Kulijenga Upya Sikio Lililokatwa kwa Saratani

Vitabu vya upasuaji vinapoeleza saratani ya ngozi ya sikio, mgonjwa anayekusudiwa kwa kawaida ni mzee Mzungu: mwanamume wa miaka sabini au themanini, mkulima wa Australia au mvuvi mstaafu wa Ulaya, aliyepigwa jua maisha yake yote. Ushauri wote umejengwa juu ya mwili huo. Ngozi yake imelegea, kwa hiyo inavutika. Miaka iliyobaki si mingi. Ana sikio moja lenye doa moja.

Mgonjwa wa Tanzania mara nyingi si huyo. Ni kijana mwenye ualbino, wa miaka ishirini na kitu au thelathini, ambaye ngozi yake haikuwa na melanini ya kutosha tangu alipozaliwa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, ilhali Ulaya na Marekani ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Ngozi ya kijana huyo bado imekaza. Ana miaka arobaini au hamsini mbele yake, na jua lililoliharibu sikio la kulia limeshalifikia la kushoto, pua, midomo na mashavu. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo anahitaji miwani, na miwani hukaa juu ya masikio.

Tofauti hiyo inabadilisha karibu kila uamuzi: kiasi gani kikatwe, nini kishonwe leo na nini kisubiri, ngozi ipi itumike na ipi iwekwe akiba, na kwa kigezo gani tuseme kazi imefaulu. Daktari akizifuata kurasa za kitabu kama zilivyo, anaweza kutengeneza sikio zuri la kupigwa picha ambalo halimfai mwenyewe.

Kwanza sikio lenyewe. La mtu mzima lina urefu wa sentimita sita hadi sita na nusu, na upana unaozidi kidogo nusu ya urefu huo. Ndani ya eneo hilo dogo kuna ukingo uliojikunja, tuta linaloufuata kwa ndani, bakuli linalozunguka tundu, kinyama kinachokinga mlango wa tundu, na chini kabisa ndewe, ambayo haina gegedu. Ngozi ya mbele imegandamana na gegedu bila mafuta katikati na haivutiki. Ya nyuma imelegea kidogo. Gegedu halina mishipa ya damu ya kwake. Linalishwa na utando mwembamba uliolifunika pande zote mbili, na utando huo ukiondoka, gegedu hubaki uchi na baada ya muda hukauka na kufa. Kwa upande mwingine, damu ya sikio huletwa na mishipa miwili, mmoja ukipanda mbele yake kuelekea kwenye panja na mwingine ukipita nyuma, na matawi yao yameshikana. Ndiyo maana kipande cha sikio kinaweza kuishi hata kikiwa kimebaki kwenye kishikio chembamba cha ngozi tu. Mtu akiyaelewa hayo, yaani ngozi isiyovutika, gegedu lisilo na damu yake na mishipa inayoshikana, ameelewa kwa nini mbinu nyingine zinawezekana na nyingine haziwezekani.

Jua hulipiga sikio kutoka juu na pembeni. Kapelo, ambayo ndiyo kofia ya vijana wengi, hukinga paji la uso na pua na kuyaacha masikio yote mawili nje. Mwanamke anayejitanda mtandio au kufunga kilemba cha kitenge hadi chini ya masikio anapata kinga ambayo mwanamume mwenye nywele fupi haipati. Hata katika nchi za Wazungu saratani ya sikio ni ya wanaume zaidi, na sababu kubwa ni nywele. Kwa hiyo kofia pana yenye ukingo kuzunguka kichwa chote ni kifaa cha tiba, na mtoto mwenye ualbino anapaswa kuruhusiwa kuivaa darasani, uwanjani na kwenye foleni ya asubuhi bila kuulizwa na mwalimu.

Saratani za ngozi nazo si moja. Kwa Wazungu inayoongoza ni ile ya seli za tabaka la chini la ngozi, ambayo hukua polepole na karibu haisambai mwilini. Kwa Waafrika wenye ualbino, tafiti nyingi zinaonyesha kuwa inayoongoza ni saratani ya seli bapa, na hiyo ni kali zaidi. Melanoma kwao ni nadra. Saratani ya seli bapa ikikaa sikioni ni hatari kuliko ikikaa mkononi au mgongoni: gegedu liko karibu sana chini ya ngozi, njia za kusambaa ni fupi, na tafiti za miaka ya nyuma zilizokusanya wagonjwa wengi ziliona ikisambaa kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya kumi. Kituo chake cha kwanza ni mitoki iliyo ndani ya tezi ya mate mbele ya sikio, nyuma ya sikio, na sehemu ya juu ya shingo. Daktari anayezungumzia kujenga sikio kabla hajaipapasa shingo ya mgonjwa ameanza kazi kinyumenyume.

Mwanzo wake ni mdogo mno. Doa lenye gamba kwenye ukingo wa juu wa sikio, kavu, linalokwaruza kidole ukilipapasa, ambalo likibanduliwa linarudi. Hatua hiyo bado si saratani kamili. Daktari au muuguzi aliyefundishwa huligandisha kwa naitrojeni kimiminika kwa sekunde chache, au humpa mgonjwa krimu ya kupaka kwa wiki kadhaa, na sikio hubaki zima. Chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kimefundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, na huko Moshi ndiko yanakotengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yaliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Kliniki tembezi zinazowafuata watu mikoani, kupima ngozi zao, kugandisha madoa na kugawa mafuta na kofia zimefanya kwa ajili ya masikio ya Watanzania kazi ambayo hakuna chumba cha upasuaji kinachoweza kuifikia.

Doa hilo lisipoonwa na mtu, huwa kidonda ndugu. Linatoa maji, linakauka, linatoka damu mtu akilalia upande huo. Linapakwa dawa ya duka, kisha majani, kisha unga wa kapsuli ya antibayotiki. Watu wazima wa mtaa husema sikio la kufa halisikii dawa, na methali hiyo imewaonea wengi. Mtu anayefika hospitali ya rufaa akiwa na nusu ya sikio imeliwa mara nyingi alishakwenda kwenye zahanati mara kadhaa, akapewa vidonge na kurudishwa nyumbani, kwa sababu aliyempokea hakufundishwa kwamba kidonda kisichopona kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino ni saratani mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Nauli ya kufika Moshi, Mwanza au Dar es Salaam ilibidi ichangwe na ukoo. Aliyechelewa hapo ni mfumo.

Na kuchelewa kunapimika kwa sentimita. Kanuni ya kawaida ni kuikata saratani ya seli bapa pamoja na ngozi safi ya milimita nne hadi sita kuizunguka, na zaidi ikiwa kubwa au kali. Tuchukue milimita tano. Doa la nusu sentimita kwenye ukingo wa sikio huacha pengo la sentimita moja na nusu, ambalo daktari yeyote mwenye uzoefu hulifunga kwa ganzi ya sindano na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Doa la sentimita moja huacha pengo la sentimita mbili. Hapo inahitajika mbinu. Kidonda cha sentimita tatu huacha pengo la sentimita nne kwenye sikio lenye urefu wa sita, na hapo hatuzungumzii tena kurekebisha ukingo. Kwa hesabu hiyo, kinachoamua kwa kiasi kikubwa sikio litakuwaje ni mwezi ambao mgonjwa alitazamwa kwa mara ya kwanza na mtu anayejua anachotazama. Ustadi wa mshonaji huja baadaye.

Kukata kuna swali lake kubwa: tunajuaje kwamba imeisha? Katika nchi tajiri jibu bora kwa sikio ni mbinu ya Frederic Mohs, daktari wa Wisconsin nchini Marekani aliyeianzisha katika miaka ya 1930. Awali aliikausha saratani kwa lahamu yenye kloridi ya zinki kabla ya kuikata tabaka kwa tabaka. Tangu miaka ya 1970 hufanywa kwa nyama mbichi iliyogandishwa. Daktari hukata tabaka jembamba, hulitazama lote kwa hadubini, chini na kandokando, huku mgonjwa akisubiri na bandeji yake, na palipobaki mzizi hukata pale tu. Faida zake ni mbili: ukingo wote huonekana, na ngozi safi haipotei bure. Maabara ya kawaida hukichanja kipande kilichotolewa na kutazama baadhi tu ya vipande vyake, kama mtu anayeukagua mkate mzima kwa vipande vitatu vinne. Mara nyingi anaona kweli. Si mara zote.

Mbinu ya Mohs inadai daktari aliyebobea, mtambo wa kugandisha nyama, fundi wa maabara na siku nzima kwa wagonjwa wachache. Sidhani kwamba ndipo fedha yetu ya kwanza iende. Kuna njia ya kati ambayo inawezekana leo: kata, weka uzi wa alama kwenye kipande ili maabara ijue juu ni wapi na mbele ni wapi, funga kidonda kwa bandeji safi yenye mafuta, subiri majibu, kisha jenga. Kidonda kilichofunikwa vizuri huweza kusubiri siku kadhaa au wiki mbili bila madhara makubwa. Tatizo ni kwamba majibu ya patholojia katika hospitali nyingi za ukanda wetu huchukua zaidi ya hapo, na mgonjwa aliyetoka mbali hana pa kukaa mjini. Hapo daktari hubanwa. Akimwacha aende nyumbani na kidonda wazi, kuna vumbi, nzi na uwezekano wa kutomwona tena. Akishona leo kwa ufundi mkubwa, akizungusha ngozi kutoka huku na kuipeleka kule, na baada ya mwezi majibu yakaja kwamba ukingo mmoja bado una saratani, hajui tena ukingo huo uko wapi. Ameuhamisha mwenyewe, na saratani imefunikwa na ngozi nene ambayo itaificha mpaka ifike kwenye mfupa.

Kwa hiyo, pale ambapo majibu hayajaja na mgonjwa hawezi kusubiri, njia salama ni ile isiyohamisha chochote: kiraka cha ngozi. Ngozi nzima huchukuliwa nyuma ya sikio, juu ya mtulinga au shingoni, huwekwa juu ya kidonda na kushonwa, kisha bonge la pamba au sponji hufungwa juu yake kwa nyuzi ili igandamane na kitako chake kwa siku tano hadi saba. Kiraka kinataka mahali penye damu. Kikiwekwa juu ya gegedu lililopoteza utando wake kitakufa. Basi daktari huliondoa gegedu hilo mpaka akafikia ngozi ya nyuma, au hulitoboa vitundu vidogo ili nyama mpya ichipuke kupitia humo. Sikio lililowekwa kiraka huwa na rangi isiyolingana kidogo na umbo lililobonyea, lakini ni jembamba, na saratani ikirudi huonekana mapema. Katika vitabu kiraka huitwa chaguo la mtu asiyekuwa na chaguo. Kwa mgonjwa tunayemzungumzia naona ndicho kinachopaswa kufikiriwa kwanza.

Kuna sehemu ya sikio isiyohitaji hata kiraka. Bakuli la sikio, kwa kuwa limebonyea, hujijaza lenyewe likiachwa lipone polepole chini ya bandeji yenye mafuta, na kovu lake baada ya wiki sita hivi huwa zuri kuliko watu wanavyotazamia. Sharti ni tundu la sikio lisizibwe na kovu hilo. Likikaribiwa, kipande cha mpira laini au utambi wa dawa huwekwa ndani kwa muda mrefu kulishikilia wazi. Pengo kubwa zaidi la bakuli linaweza kuzibwa kwa ngozi ya nyuma ya sikio inayopitishwa kwenye uwazi uliokatwa katika gegedu na kugeuzwa kuja mbele, huku chini ikiwa bado imeshikana na mizizi yake. Mbinu hiyo ya mwaka 1972 hutumia ngozi ya kivulini, na nitarudi kwenye kivuli hicho.

Ukingo ndio mgumu, kwa sababu ndio unaofuatwa na jicho la mtazamaji. Pengo dogo hukatwa kwa umbo la kabari na pande zake zikashonwa pamoja. Sikio hupungua kidogo, na watu hawayatazami masikio mawili kwa wakati mmoja. Kabari ikizidi upana fulani, sikio hujikunja na kusimama kama kikombe, kwa hiyo pembeni mwake hukatwa pembetatu ndogo za kulipumzisha. Kwa pengo la sentimita mbili au zaidi kidogo, mbinu inayostahili kujulikana na kila mpasuaji wa Afrika Mashariki ni ya Noshir Antia wa Mumbai, aliyeichapisha mwaka 1967 pamoja na mwenzake Buch. Hupasua ngozi ya mbele na gegedu kuufuata mfereji ulio ndani ya ukingo, lakini huiacha ngozi ya nyuma nzima. Ukingo wote, wa juu na wa chini, unakuwa ukanda mrefu uliobebwa na ngozi hiyo ya nyuma na damu yake, nao husogezwa kutoka pande mbili mpaka ncha zikutane. Hauhitaji kitu cha kupandikiza, hauhitaji hatua ya pili, na hufanyika kwa ganzi. Antia alitumia miaka mingi kuwafanyia upasuaji watu wenye ukoma, yaani watu ambao jamii ilikuwa imewatoa mbele ya macho yake, na sidhani kama ni kwa bahati tu kwamba mbinu yake ni ya bei nafuu na inawezekana mahali pasipo na vifaa vingi.

Ganzi nayo ilikuwa na hofu yake. Kwa vizazi kadhaa wanafunzi wa udaktari walikatazwa kuchanganya adrenalini katika sindano ya sikio, wakiambiwa sikio litakosa damu na kufa. Uzoefu wa miaka mingi haukuithibitisha hofu hiyo. Adrenalini hupunguza damu inayotoka na kurefusha ganzi, na kwa hiyo kazi kubwa ya sikio inaweza kufanyika katika hospitali ya mkoa bila nusu kaputi. Hilo ni jambo zito pale ambapo mtaalamu wa usingizi ni mmoja.

Sehemu ya katikati ikipotea pamoja na gegedu lake, kuna njia ya kale ya Johann Friedrich Dieffenbach, Mjerumani wa karne ya 19. Ngozi ya nyuma ya sikio, juu ya mfupa, huinuliwa na kushonwa kwenye ukingo wa pengo, na mgonjwa hukaa hivyo wiki tatu, sikio likiwa limeshikana na kichwa. Kisha hukatwa, hukunjwa nyuma, na mahali ilipotoka huwekwa kiraka. Kipande cha gegedu kutoka bakuli la sikio la pili huweza kuwekwa katikati kama mhimili. Ndewe ni nyepesi zaidi, kwa kuwa haina mifupa wala gegedu. Wahindi wa kale, kwa mujibu wa maandishi ya Sushruta, walishaijenga kwa ngozi ya shavu.

Hapa ndipo hoja ya akiba inapoingia. Ngozi ya shavu na ya mbele ya sikio ya kijana mwenye ualbino imepigwa jua sawasawa na sikio lililougua. Ukiihamisha, unahamisha shamba ambalo lina mbegu tayari. Ngozi ya nyuma ya sikio imekaa kivulini maisha yake yote, ni nyembamba, rangi yake inalingana, na kwa mgonjwa huyu ina thamani kuliko popote. Lakini ni kidogo. Mzee wa Australia anaweza kutumiwa yote kwa doa moja. Kijana wetu, ambaye uwezekano wa kupata doa la pili na la tatu ni mkubwa, akitumiwa yote mara ya kwanza hatakuwa na kitu mara ya pili. Daktari mwenye busara huanza na mbinu inayokula kidogo, hata kama matokeo yake hayapendezi sana, naye huandika kwenye faili nini kimetumika na nini kimebaki, kwa kuwa atakayempasua mgonjwa mwaka ujao huenda akawa mtu mwingine katika hospitali nyingine.

Sikio likipotea lote, maswali hubadilika. Kulijenga kwa gegedu la mbavu ni ufundi uliostawi baada ya kazi ya Radford Tanzer wa Marekani mwaka 1959, lakini uliundwa kwa watoto waliozaliwa bila sikio: ngozi yao ni safi, haina kovu wala mionzi, na gegedu la mbavu zao bado ni laini. Kwa mzee gegedu hilo limegeuka nusu mfupa. Kwa kijana wa miaka ishirini na tano bado linachongeka, na kuna utando wenye damu nyingi chini ya ngozi ya panja unaoweza kushushwa kulifunika. Kwa hiyo kijana mwenye ualbino, ambaye vitabu vinamweka kundi moja na wazee wa saratani, kiutaalamu anaweza kuwa karibu zaidi na watoto hao. Pamoja na hayo ningesubiri. Mnara wa gegedu na utando juu ya eneo lililotoka saratani hatari hufunika kile ambacho tunatakiwa kukitazama kila baada ya miezi michache, na saratani hiyo ikirudi, sehemu kubwa hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza.

Katika miaka hiyo miwili sikio bandia la silikoni lina fadhila ambayo nyama haina: hutolewa. Daktari anaona kila kitu. Linaweza kugandishwa kwa gundi ya ngozi, au kushikwa na sumaku juu ya skrubu za titani zilizopandwa kwenye mfupa, ufundi uliotoka Sweden mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya ugunduzi wa Per-Ingvar Brånemark kwamba titani hushikana na mfupa. Mapungufu yake ni ya hapa kwetu. Gundi haipatani na jasho la Dar es Salaam. Skrubu zinataka kusafishwa kila siku kwa maji safi, na mfupa uliopigwa mionzi huzishika vibaya. Silikoni hupauka kwa jua na huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, wakati bima nyingi hulitazama sikio bandia kama pambo. Mafundi wa meno bandia tayari wanajua kuchukua umbo, kumwaga nta na kuchanganya rangi. Wakiongezewa mafunzo, kazi hii inaweza kufanyika katika hospitali za rufaa bila kuagiza chochote zaidi ya silikoni na rangi.

Nimeitaja miwani mwanzoni, na naamini ndiyo iwe kigezo. Sikio la nje likipotea, usikivu hupungua kidogo tu, ilimradi tundu libaki wazi; kinachoharibika zaidi ni kujua sauti imetoka wapi. Kwa mtu mwenye ualbino hasara kubwa iko kwingine. Karibu wote wana uoni hafifu, macho hucheza na mwanga huwaumiza. Miwani ya namba na ya rangi ndiyo inayomwezesha kusoma, kuuza duka, kuvuka barabara. Inahitaji kitu kimoja tu kutoka kwenye sikio: ukingo imara mahali sikio linapoungana na kichwa kwa juu, sentimita moja au mbili za gegedu na mfereji nyuma yake. Mpasuaji anayelijua hilo hupigania kuokoa au kujenga mahali hapo, na hukubali ukingo wa nje upungue. Asipoweza, humwandikia mgonjwa mkanda wa mpira wa kuishika miwani nyuma ya kichwa kabla hajaondoka wodini. Ni kitu cha bei ndogo, na wengi hawapewi kwa sababu faili la macho na faili la ngozi yako katika majengo mawili tofauti. Kofia pana pia hutulia juu ya masikio, na mtu ambaye kofia yake inayumba huishia kuiacha nyumbani.

Umbo lina haki yake. Mtu mwenye ualbino tayari anatazamwa barabarani, na miongoni mwa wenye ualbino wa Tanzania, Malawi na Burundi wapo waliotazamwa na watu waliokusudia kuwaua. Kumwambia ashukuru kwa kuwa hai, eti sikio si kitu, ni ukatili. Ninachosema ni kwamba umbo lipangwe pamoja naye, baada ya kuambiwa wazi kwamba kazi itakwenda kwa hatua, na kwamba hatua ya mwisho inaweza kuja mwaka wa tatu.

Mionzi ina nafasi pale ambapo ukingo haukusafika na hauwezi kukatwa tena, saratani imefuata mshipa wa fahamu, au mitoki imeshaguswa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road na hospitali ya Bugando ya Mwanza zinaitoa. Gegedu la sikio huvumilia mionzi kwa shida na linaweza kuoza miezi baadaye, kwa hiyo mpasuaji na daktari wa mionzi wanapaswa kuzungumza kabla ya kisu. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao Arusha, kinatoa wataalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbo, lakini hospitali nyingi za mikoa hazitawapata karibuni. Kabari, kiraka na mbinu ya Antia vinaweza kufundishwa kwa mpasuaji wa kawaida na hata kwa daktari wa ngozi. Fedha ikipatikana, ningeiweka kwanza kwenye maabara za patholojia, ili majibu ya ukingo yatoke ndani ya wiki, na kwenye pahala pa kulala kwa mgonjwa anayeyasubiri. Mambo hayo mawili yangewapa wapasuaji waliopo nafasi ya kufanya kazi wanayoijua tayari.

Baada ya kushona, hatari za siku za kwanza ni damu kukusanyika chini ya ngozi na gegedu kuambukizwa. Sikio linalouma zaidi siku ya tatu kuliko ya kwanza lifunguliwe na kutazamwa siku hiyo hiyo. Kisha ufuatiliaji: kila miezi mitatu kwa miaka miwili, halafu kila miezi sita hadi miaka mitano itimie. Kila mara hupapaswa kovu, nyuma ya sikio, mbele yake na shingo mpaka kwenye mtulinga, na hutazamwa sikio la pili kwa taa nzuri, kwa sababu huko ndiko doa linalofuata linakotarajiwa. Kliniki tembezi ikimfikia kijijini na naitrojeni ikiwa imo kwenye gari, doa hilo huondoka kwa sekunde chache na hakuna wa kumpandikizia kitu.